Ndiyo Saba za Dada Yangu

Dada yangu mkubwa ana jicho la kushoto linalolia kwa amri. La kulia halimtii mtu. La kushoto ukilihesabia moja, mbili, tatu, chozi linatoka, linasimama kidogo ukingoni ili kamera ilione vizuri, kisha linashuka shavuni bila haraka. Aligundua kipaji hicho akiwa na miaka tisa, siku alipovunja sahani ya maman. Alilia kwa jicho moja, maman akamhurumia, nikachapwa mimi. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani alikuwa mtazamaji wake wa kwanza, najibu bila kusita.

Watu wa Bukavu wanamfahamu kwa sura. Alianzia parokiani, katika mchezo wa Ijumaa Kuu, ambako alipewa nafasi ya mke wa Pilato. Mke wa Pilato ana sentensi mbili tu. Dada yangu alizifanya kumi na moja, akamlaumu mumewe mbele ya waamini wote, akamkumbusha mambo ya nyumbani kwao ambayo Injili haikuyaandika, mpaka katekista akamvuta kikwembe alichojifunga kutoka nyuma ya pazia. Baadaye alionekana kwenye televisheni ya hapa mjini akinawa mikono kwa sabuni katika tangazo, na kwa mwaka mzima watoto wa mtaani wakawa wanamkimbilia wakipiga kelele, "Maman Sabuni!" Yeye aliwapungia mkono, taratibu, kama wanavyopunga wakubwa wakishuka kwenye ndege.

Ndipo zikaja filamu. Zilitengenezwa kwetu Kadutu, kwenye sebule za kuazima, zile zenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma. Alicheza mama wa kambo, akacheza mke mdogo mwenye hila, akacheza mwanamke anayemtilia mwenzake sumu kwenye chai. Ile ya chai ndiyo iliyomtia sokoni. Asubuhi moja alikwenda kununua nyanya, muuzaji akafunika beseni lake kwa mikono miwili.

"Tomate ziko," alimwambia, "lakini weye sitakuuzishia. Ule mutoto wa batu alikufanyia nini mupaka umuwekee sumu mu chai?"

Mtu mwingine angekasirika. Dada yangu alirudi nyumbani bila nyanya, uso unang'aa, akatusimulia habari hiyo mara tatu. Maman alimwuliza kama sifa hizo zinaliwa na bugali. Siku hiyo tulikula sambaza kavu, wale dagaa wa ziwa letu, bila mchuzi, na mimi nilinuna mpaka jioni.

Sasa niseme na kazi yangu mimi, maana hakuna mwingine atakayeisema. Dada yangu ana uso wa sinema, ana sauti, ana mwendo, lakini hana kumbukumbu. Maneno yanamtoka kichwani kama maji kwenye kitunga. Kwa hiyo nilijibanza nyuma ya kochi na karatasi mkononi, nikimnong'onezea mstari kwa mstari. Kwenye filamu moja mkono wangu unaonekana wazi ukirekebisha karatasi, na watu wakaandika chini ya video kwamba ni pepo wa marehemu mke mkubwa. Hakuna aliyeomba radhi.

Kisha akapata nafasi aliyoisubiri miaka yote: kuwa bibi arusi. Ilikuwa hadithi ya msichana wa Kalehe anayeolewa na mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Shabunda, bila kumpenda. Mwongozaji wa filamu alikuwa kijana mwenye kizibao chenye mifuko mingi, na sijawahi kumwona akitoa kitu hata kwenye mfuko mmoja. Alitaka kanisa la kweli. Padri paroko alimwazima kikanisa chetu kidogo cha mtaani, kwa sharti kwamba Ekaristi iondolewe kwanza na mtu yeyote asicheke humo ndani. Nafasi ya padri wa filamu alipewa mwalimu mmoja mstaafu wa Kilatini, ambaye ujanani alikaa seminari mpaka ukabaki mwaka mmoja tu apewe upadri. Mzee yule aliyajua maneno yote ya ndoa, akayasema kwa kutetemeka, na mwongozaji alipopiga kelele "Coupez!" katikati ya sala, mzee alimwinulia kidole.

"Sala haikatwake katikati, kijana," alisema, na akaendelea mpaka Amina.

Mwongozaji alihitaji watu wa kujaza mabenchi, akawaomba akina mama wa shirika letu. Shirika, kwa asiyejua, ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa mmoja: wanasali pamoja, wanazikana, wanajuana mpaka rangi ya sufuria. Aliwaeleza vizuri kabisa kwamba hii ni arusi ya sinema. Wakamwelewa. Lakini mwanamke wa kwetu haendi arusini mikono mitupu, hata arusi iwe ya nini. Walikuja wamevaa sare, wana ngoma, wamebeba ungo, vitunga na chungu. Na mbele yao alitembea Maman Présidente wa shirika, mjane mfupi aliyefundisha nusu ya mtaa kuomba rozari, amemkumbatia kuku mweusi.

Kuku yule alivuruga mambo. Kila dada yangu alipofungua kinywa kujibu, kuku alijibu kabla yake. Walirudia. Mara ya pili mvua ikapiga bati. Mara ya tatu bwana arusi akasahau maneno yake. Huyu bwana arusi alikuwa kinyozi wa mtaa wetu, mwenye mke na watoto watatu, na mke wake alikuja kila siku ya kazi na mtoto mgongoni, akakaa benchi la mbele kulinda mali yake. Mara ya nne mtoto wake akaita "Papa!" Mara ya tano na ya sita, betri. Mara ya saba ikatoka safi. Na kila mara, zote saba, dada yangu alijibu "Ndiyo, ninakubali" kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na jicho la kushoto likafanya kazi yake. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya altare na karatasi, magoti yanauma. Kuku tulimla siku ileile, akina mama wakipiga ngoma.

Filamu ilisambaa kutoka simu hadi simu. Shangazi yetu wa Luvungi alitupigia akilia kwamba tumemwoza mtoto bila kumwalika. Tulimweleza ni sinema. Akasema sawa, lakini hata kwenye sinema tungemwita. Mke wa kinyozi, tangu siku ile, kila akikutana na dada yangu kwenye mteremko alimsalimia "Mukewenza!" na wote wawili wakacheka mpaka wakashika kuta.

Dada yangu alikuwa na furaha kuliko wakati wowote. Watu walimwamini. Ndilo jambo alilolitaka tangu ile sahani ya maman, na kwa miaka miwili alitembea mjini akiwa ameaminiwa.

Kisha akaja mwalimu wa fizikia. Walikutana shuleni kwake, tulikokwenda kupiga picha za filamu nyingine, waya ukaungua na yeye akauunga. Alikuwa mrefu, mkimya, na hakuwa ameona hata filamu moja ya dada yangu, kwa sababu akikaa mbele ya televisheni analala. Siku moja walipogombana kidogo, dada yangu akamwekea lile jicho. Mwalimu alilitazama chozi likishuka, akatoa kitambaa mfukoni, akamwuliza kama vumbi limemwingia. Dada yangu alinisimulia hayo akiwa amekasirika sana, na nikajua amekwisha. Nilimpenda shemeji yangu kuanzia saa hiyo.

Wazazi wakaonana, wakakubaliana, tarehe ikawekwa: Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Ikabaki karatasi ya shirika. Kwenye parokia yetu hakuna wachumba wanaofika altareni bila karatasi hiyo, yenye sahihi ya kiongozi wa shirika, kwamba anawajua na kwamba wako huru kuoana. Tulikwenda kwa Maman Présidente mimi na dada, tumebeba sukari. Alivaa miwani, akaisoma karatasi mwanzo hadi mwisho, akaikunja.

"Mi siwezi sinye bongo," alisema, maana yake hawezi kutia sahihi uongo. "Uyu mutoto iko na bwana."

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Maman, ile ilikuwa sinema!" dada alisema.

"Mi si mupumbafu, mutoto wangu. Sinema najua iko nini. Kamera niliiona, ilikuwa pale pembeni. Lakini altare nayo niliiona. Mbele ya kamera ulikuwa unacheza, sawa. Na mbele ya altare? Ulisema ndiyo mara saba. Mi, na mupenzi wangu, Mungu amupumuzishe, nilisema mara moja tu, na tukaishi miaka makumi ine. Tena kuku yangu mulikula."

Papa aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Maman hakucheka, kwa sababu maman anamjua Maman Présidente. Mwalimu wa fizikia aliuliza kitu kimoja: ni kweli ilikuwa mara saba? Tukamwambia kweli. Akafikiri.

"Kwetu mu fizikia," alisema, "kama jaribio linatoa jibu moja mara saba, tunaliandikaka ku tablo kama kanuni."

Alikuwa anatania, ila mdomo wake ulitetemeka, na dada yangu aliuona ukitetemeka. Hapo ndipo aliogopa. Siku mbili baadaye uoga ukapata sababu: mama wa mwalimu, ambaye yuko Kalehe na ambaye filamu ile aliiona mara nyingi kuliko sisi, alituma ujumbe kwamba bila karatasi ya shirika mtoto wake arudi nyumbani peke yake. Hapokei mke wa mtu.

Padri paroko, tulipomfikia, alivua miwani ili acheke vizuri. Alituhakikishia kwamba kwa sheria ya Kanisa hakuna ndoa pale. Mwalimu wa Kilatini si padri, na kinyozi ana mke. Tukafikiri tumepona. Kisha akavaa miwani.

"Lakini shirika siwezi kuliruka," alisema. "Ule maman anajua watu wangu kunipita. Muende mumuelezee mwenyewe. Akisinye, mi niko hapa."

Shirika linakutana Alhamisi mchana. Kuanzia Jumatatu dada yangu alifanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati, na mimi, mjinga, ndiye niliyemwandikia maneno. Niliandika ukurasa na nusu. Kulikuwa na sehemu ya kupiga magoti, na sehemu ya kumtaja marehemu nyanya yetu. Nilijivunia sana sehemu ya nyanya.

Alhamisi ikafika. Akina mama walikuwa wameketi kuzunguka sebule ya Maman Présidente, rozari mikononi. Mke wa kinyozi naye alikuja kutoa ushahidi, akasema kwa sauti kubwa kwamba bwana wake anamjua yeye mwenyewe, hajakosa kulala nyumbani hata siku moja, na kama dada yangu anamtaka amchukue na nguo zake chafu. Akakaa. Kisha dada yangu akasimama, na mimi nikajibanza nyuma ya mlango na karatasi.

Sitasema uongo, alikuwa mzuri. Alianza chini chini, akapanda, akapiga magoti pale pale nilipoandika, akamtaja nyanya, na kwenye neno "upendo" jicho la kushoto likatii. Chozi likasimama ukingoni. Likashuka.

Halafu wakapiga makofi.

Akina mama wote, rozari zikigonga viganjani. Mmoja alipiga vigelegele. Mwingine alimwomba arudie pale pa nyanya, kwa sababu jirani yake alikuwa jikoni na hakuona. Dada yangu akiwa bado amepiga magoti alinitafuta kwa macho, na mimi sikuwa na mstari wa kumpa. Maman Présidente alisubiri makofi yaishe.

"Umecheza muzuri sana," alimwambia, kwa upole, na akaanzisha rozari.

Tulirudi nyumbani. Njiani mtu alimwita "Maman Sabuni", na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakugeuka. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilijionea haya, maana ukurasa ule na nusu ulikuwa wangu. Nyumbani gauni lilikuwa limetundikwa mlangoni, limefunikwa shuka. Alipita pembeni yake kama anavyopita mtu pembeni ya mgonjwa aliyelala.

Ijumaa asubuhi aliniamsha akiwa amevaa kikwembe cha kulimia na malapa. Hakuoga. Hakuniambia tunakwenda wapi, lakini nilibeba daftari kwa mazoea, karatasi ya shirika ikiwa ndani. Tulimkuta Maman Présidente uani, anachagua maharage kwenye ungo. Dada yangu alichutama upande wa pili wa ungo, akaanza naye kuchagua, bila salamu ndefu. Mimi nilisimama nyuma yake.

Maharage yalikwenda, yakarudi. Kisha yule mama akauliza bila kuinua kichwa:

"Ile siku mu kanisa, wakati ulisema ndiyo, ulikuwa unawaza nini?"

Niliona mgongo wa dada yangu ukijitayarisha. Ukanyooka. Halafu ukalegea.

"Viatu," alisema.

"Viatu?"

"Vilikuwa vya uyu mudogo wangu. Vilikuwa vidogo. Kila mara nilikuwa naomba tu tumalize ili nivue."

"Mara zote saba?"

"Ya pili niliwaza mvua. Nilianika nguo inje."

Maman Présidente aliweka ungo chini. Alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, kisha akajifuta macho kwa pembe ya kikwembe. Mimi nilicheka pia, ingawa viatu vile vilinirudia vimepanuka na sikuvivaa tena. Alipomaliza kucheka aliuliza swali la pili.

"Na uyu mwalimu, ukimuwaza, unawaza nini?"

Dada yangu alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Huyu ni mwanamke aliyempa mke wa Pilato sentensi tisa za ziada. Alikifunga, akakifungua tena, akatazama maharage. Nikaona amesahau maneno. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa moja, na mazoea ni mazoea, niliinama sikioni mwake nikanong'ona, "Sema: ni pumzi yangu."

"Nyamaza weye!" Maman Présidente alinikemea. "Acha asijue."

Dada yangu alishika harage moja akaligeuza na kuligeuza, na hakusema lolote, na sijui ulipita muda gani. Kisha yule mama akanyoosha mkono.

"Leta karatasi."

Aliisaini juu ya ungo, kalamu ikitoboa kidogo. Alituonya kwamba arusini atakaa benchi la mbele kabisa, kwa sababu masikio yake yamezeeka na anataka kusikia mwenyewe. Na kwamba safari hii haleti kuku, tulishamla.

Jumamosi kanisa la parokia lilijaa. Mama mkwe alitoka Kalehe na ndugu zake, wote wanamtazama dada yangu kama wanavyomtazama mtu waliyemwona mahali. Shangazi wa Luvungi alifika kabla ya kila mtu. Mwongozaji wa filamu alikuwa nyuma na kizibao chake. Kinyozi na mke wake walikaa pamoja, wameshikana mikono kwa makusudi. Maman Présidente alikuwa mbele, shingo imenyooka. Mimi nilisimama hatua moja nyuma ya bibi arusi, nikiwa na jibu lake lote tayari mdomoni, na nimejiapiza kwamba sitalitoa.

Padri akamwuliza.

Niliona shela inatetemeka. Nilisogea kidogo nikaona uso wake kwa upande, na jicho la kulia, lile lisilomtii mtu, lilikuwa linamwagika. La kushoto nalo. Na pua. Alikuwa mbaya siku ile, dada yangu mzuri, na nikampenda kuliko siku zote. Midomo yake ikasogea. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kimekwaruza, kimevunjika katikati. Mimi niliyekuwa hatua moja sikukisikia vizuri. Padri aliinama, akaweka kiganja sikioni. Na kule nyuma, kwa mazoea tu, maskini, mwongozaji akainua mkono.

"Tena!" alisema.

Maman Présidente alisimama kwenye benchi la mbele, akageukia kanisa zima.

"Hakuna tena," alisema. "Mi nimesikia. Moja imetosha."